Mwigizaji ni Mfanyakazi: Jibu kwa Mama Mmoja wa Chang'ombe

Wasomaji wetu wanaoijua Dodoma wanaijua pia Chang'ombe. Hatusemi Chang'ombe ya Dar es Salaam. Twasema Chang'ombe ya Dodoma, mtaa wa watu wa kazi, ambako upepo wa kiangazi huzoa vumbi la uwanda na kulilaza juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya mafungu ya mlenda mkavu yaliyopangwa barazani. Jioni moja tulipita huko, tukaamkiana "mbukwenyi" na mama mmoja mwenye meza ya mlenda na karanga. Alipojua kwamba sisi ni watu wa magazeti, alituvutia kigoda akatuomba tukae.

"Baba zangu," akasema, "ninyi mnasoma mengi, nisaidieni. Binti yangu huyu amemaliza kidato cha nne. Mimi nataka akasome ualimu au uuguzi. Yeye asema ataka kuwa mwigizaji wa filamu. Je, hiyo nayo ni kazi, au ni njia ya kupotea tu?"

Binti mwenyewe alikuwa ameketi kando, akijaza karanga katika vikopo. Hakusema neno. Jirani waliokuwa wakinunua walidakia, kila mmoja na lake: huyu akataja waigizaji waliopata magari, yule akataja waliopata aibu. Tulizungumza kwa muda mrefu mpaka giza likaingia, wala hatukufikia mwisho. Tukamwahidi mama yule kwamba tutamjibu katika ukurasa huu, kwa maana swali lake si la nyumba moja. Ni swali la wazazi wengi katika nchi yetu, na watu hulijibu kwa haraka mno, ama kwa dharau, ama kwa tamaa.

Jibu letu tutalitoa kwa kueleza maisha ya mwanamke mmoja. Kabla ya hapo, hata hivyo, yafaa tuliondoe jiwe moja njiani, nalo ni ile kauli isemayo kwamba mwanamke kusimama mbele ya watu na kuigiza ni jambo la kigeni.

Kauli hiyo ingeweza kusemwa mahali pengine, lakini kuisema Dodoma ni kujisahau. Katika Ugogo iko ngoma iitwayo muheme, na wapigaji wake ni wanawake. Mama mtu mzima, mwenye watoto na wajukuu, hubana ngoma yake kati ya mapaja, akaipiga mbele ya kijiji kizima, akaitikiwa na wenzake, na hakuna amwitaye mhuni. Uwanda huu huu ndio uliotupa Hukwe Zawose, fundi wa zeze na ilimba, aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kulipeleka jina la Wagogo katika kumbi za ng'ambo mpaka alipofariki mwaka 2003. Ndio pia uliotupa Mathias Mnyampala, mshairi aliyefariki mwaka 1969, ambaye alianzisha ngonjera, yaani mashairi ya majibizano yanayosemwa jukwaani kwa sauti na vitendo. Tangu mwaka 2009 Chamwino imekuwa na tamasha la muziki wa Cigogo. Basi mtoto wa Chang'ombe anayetamani jukwaa hakuanguka kutoka mbinguni. Amezaliwa katika nchi ya watu wa jukwaa.

Lililokuja na wageni ni filamu, wala si kuigiza. Na hapo pana historia ambayo kila mfanyakazi anapaswa kuijua.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walifanya jaribio la kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Sinema zilihusu mambo kama akiba ya posta, kilimo na afya. Waliocheza ndani yake walikuwa Waafrika. Walioamua nini kichezwe walikuwa wazungu. Jambo lenyewe la kuangaliwa ni hili: picha zilipigwa bila sauti, na sauti ilirekodiwa katika sahani za santuri, ili maneno yaweze kusemwa kwa lugha mbalimbali kadiri ya mahali sinema ilipoonyeshwa. Mwafrika akaonekana akifumbua kinywa, lakini maneno yakatoka mahali pengine. Mtu angeweza kutazamwa katika vijiji vingi bila hata mara moja kusikika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mambo yalisogea kidogo. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika, pamoja na kampuni moja ya Afrika Kusini, ilitengeneza filamu za Kiswahili, na mojawapo iliitwa Muhogo Mchungu. Aliyeigiza humo alikuwa kijana mmoja mtumishi wa ustawi wa jamii, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Wazee wetu walimcheka na kumpenda katika sinema hiyo. Mwaka 1955 kijana huyo huyo akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Twalitaja jambo hili kwa makusudi. Wale wanaosema kwamba mwigizaji hawezi kuwa mtu wa maana wamkumbuke Mzee Kawawa. Aliyejua kusimama mbele ya kamera alijua pia kusimama mbele ya mwajiri, na heshima yake haikupungua hata chembe mpaka alipofariki Desemba 31, 2009.

Lakini Kawawa alikuwa mwanamume. Swali la mama wa Chang'ombe ni la binti. Kwa hiyo sasa tumgeukie mwanamke tuliyemwahidi.

Jina lake ni Amandina Lihamba. Alizaliwa mwaka 1944 katika Mkoa wa Morogoro, wakati ambapo shule za wasichana zilikuwa chache na wazazi wengi waliona kumsomesha binti ni kumwagilia shamba la jirani. Alisoma hata akafikia daraja la juu kabisa la elimu: mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kilimtunukia shahada ya udaktari. Utafiti wake ulihusu siasa na tamthilia katika Tanzania baada ya Azimio la Arusha, kuanzia mwaka 1967 hata 1984. Akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye idara ya sanaa za maonyesho, akawa profesa. Huyu ndiye mwigizaji tunayemzungumzia. Mama wa Chang'ombe anamtaka binti yake awe mwalimu. Naye binti ataka kuwa mwigizaji. Bibi Lihamba alikuwa yote mawili, na wala moja halikuliharibu jingine.

Wanachama wa umri mkubwa wanakumbuka jinsi sanaa ilivyokuwa baada ya Azimio la Arusha. Kila tawi, kila shule na kila kiwanda kilikuwa na kwaya, ngoma au ngonjera ya kueleza siasa ya nchi. Kazi hiyo ilikuwa njema, kwa kuwa iliwafikia watu wasiojua kusoma. Lakini ilikuwa na hatari yake, nayo ni kwamba msanii anaweza kuzoea kusifu mpaka akasahau kuuliza. Bibi Lihamba na wenzake hawakuikimbia kazi ya kulitumikia taifa, ila walilitumikia kwa kuliuliza maswali.

Mwaka 1980 ilichapishwa tamthilia yake Hawala ya Fedha. Kisa chenyewe alikitoa kwa Ousmane Sembène wa Senegal, mwandishi na mtengenezaji wa filamu, ambaye mwaka 1968 alikigeuza kuwa filamu iitwayo Mandabi. Ni habari ya mtu maskini anayeletewa hawala ya fedha na jamaa yake aliyeko Ufaransa. Mtu huyo aenda posta, akaambiwa lete kitambulisho. Aenda kutafuta kitambulisho, akaambiwa lete cheti cha kuzaliwa. Aenda kutafuta cheti, akaambiwa taja siku uliyozaliwa. Kila dirisha lina mtu, na kila mtu ana mkono. Mwishowe fedha zinaliwa na wajanja, naye abaki na madeni. Hebu tuulizane: ni mfanyakazi gani aliyepata kufuatilia mafao yake asiyemtambua mtu huyo? Bibi Lihamba alikichukua kisa cha Dakar akakitia katika Kiswahili, kwa sababu alijua kwamba dirisha lile liko kwetu pia.

Mwaka 1982 kikatoka kitabu cha tamthilia Harakati za Ukombozi, kilichoandikwa na wanawake watatu: Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Watu wa Dodoma watafurahi kukumbuka kwamba Bibi Balisidya ni mwana wa Ugogo, mwandishi wa riwaya Shida ya mwaka 1975. Mchezo huo wasimulia mapambano ya nchi tangu enzi za ukoloni, lakini hauishii kwenye kushangilia bendera. Wauliza kilichofuata baada ya bendera kupanda, na nani aliyefaidi. Wanawake hao waliuliza maswali hayo katika enzi ya chama kimoja, hadharani, kwa Kiswahili ambacho mkulima aweza kukifahamu. Twadhani chama chochote chenye afya kinawahitaji watu wa namna hiyo kuliko kinavyowahitaji wapiga makofi.

Wala hawakukaa Dar es Salaam wakingoja watu wawafuate. Katika mwaka 1982 na 1983, Bibi Lihamba, Bibi Penina Muhando Mlama na mwenzao Eberhard Chambulikazi walikwenda Malya, wilayani Kwimba, katika Usukuma. Huko walifanya jambo ambalo lilikuwa geni kwa wasomi wengi. Hawakuleta mchezo uliokwisha kuandikwa. Waliwauliza wanakijiji ni shida gani zinazowasumbua, na miongoni mwa shida hizo ikatajwa mimba za wasichana wa shule. Wanakijiji wenyewe wakazigeuza shida hizo kuwa ngoma na maigizo, wakayacheza mbele ya wenzao, kisha wakaketi kujadiliana: nani mwenye kosa, na nini kifanyike. Jambo lililokuwa likinong'onwa kisimani likasemwa uwanjani mchana.

Hapo ndipo twapata kiini cha maisha ya mwanamke huyu. Kumbukeni sinema za Vugiri, ambamo Mwafrika alionekana bila kusikika. Kazi ya Bibi Lihamba, tukiitazama yote kwa pamoja, ilikuwa kumrudishia mtu sauti yake mwenyewe.

Kazi hiyo aliiendeleza kwa wasichana. Mwaka 1996 yeye na Profesa Mlama walianzisha mpango katika shule za sekondari, wakauita Tuseme. Jina lenyewe latosha kueleza shabaha. Wasichana hukaa pamoja, wakataja mambo yanayowazuia kusoma: mwalimu anayewataka kimapenzi, njia ndefu ya kwenda shuleni, kazi za nyumbani zisizokwisha, mimba, ukimya wa wazazi. Kisha hutunga mchezo juu ya mambo hayo, wakaucheza mbele ya wenzao, walimu na wazee. Msichana ambaye angeadhibiwa kama angesema peke yake ofisini, husema jukwaani akiwa na wenzake, na mwenye kosa aliyeketi miongoni mwa watazamaji hujitambua bila kutajwa jina. Baadaye shirika la FAWE, linaloshughulikia elimu ya wasichana katika Afrika, liliupeleka mpango huo katika nchi nyingine za bara letu. Mbegu iliyopandwa Tanzania ikaota mbali.

Sasa tuingie katika filamu, kwa sababu huko ndiko binti wa Chang'ombe anakotaka kwenda.

Baada ya uhuru, nchi yetu ilikuwa na kitengo cha filamu cha serikali tangu mwaka 1963, na mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Filamu za hadithi zilizotengenezwa nchini zilihesabika kwa vidole, kwani mitambo ilikuwa ghali na fedha za kigeni zilikuwa haba. Kwa hiyo mwigizaji wa siku zile hakuweza kuishi kwa filamu. Aliishi kwa kazi nyingine, akaigiza ilipopatikana nafasi. Mwaka 1985, mwaka ule ule aliopata udaktari, Bibi Lihamba alionekana katika filamu fupi iitwayo Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge wa Tanzania na Ron Mulvihill wa Marekani. Ni kisa cha mke anayeugua huku akiwaogopa waganga wa kienyeji kwa sababu ya jambo lililompata utotoni. Filamu hiyo haimcheki mganga wala haimtukuzi. Yamtazama mgonjwa, na hofu yake, na mumewe anayehangaika.

Filamu iliyolitangaza jina lake zaidi ilikuja mwaka 2001. Iliitwa Maangamizi, na waongozaji wake walikuwa Martin Mhando, Mtanzania, na Ron Mulvihill yule yule. Humo daktari mwanamke kutoka Marekani, mwenye asili ya Afrika, aja Tanzania kutibu wagonjwa wa akili. Katika hospitali amkuta mwanamke aitwaye Samehe ambaye kwa miaka mingi amefunga kinywa chake na kuacha kusema. Dawa za vitabuni hazimfikii. Yako mambo ya zamani yaliyomfunga, na roho ya bibi wa kale yaja kati ya mgonjwa na daktari, hata yule anayetibu agundue kwamba naye ana jeraha lake. Bibi Lihamba ndiye aliyeigiza Samehe.

Tafakarini jambo hilo. Mwanamke aliyetumia maisha yake kuwafundisha wengine kusema apewa nafasi ya mtu asiyesema. Mwigizaji dhaifu akinyimwa maneno hana silaha. Samehe hana hotuba wala wimbo. Ana macho, mabega, mikono na namna ya kukaa. Ili mtazamaji auone uchungu wake, mwigizaji lazima awe amewatazama watu kwa makini kwa miaka mingi: wanawake wa kliniki, mama aliyefiwa na mtoto, msichana aliyefukuzwa shule. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa kioo na poda. Na sisi twaona kwamba hakuna aliyeweza kuijua thamani ya ukimya wa Samehe kuliko mtu aliyekuwa amesikia, Malya na katika madarasa ya Tuseme, yale ambayo ukimya huficha.

Filamu hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania Marekani kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Haikuingia katika orodha ya mwisho, lakini ilikuwa imeipeleka sauti yetu mlangoni. Miaka zaidi ya 20 ikapita kabla ya filamu nyingine ya Tanzania kufuata njia hiyo; nayo ilikuwa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ambayo iliwasilishwa mwaka 2022. Pengo hilo la miaka latuambia jambo. Vipaji tulikuwa navyo. Tulichokosa ni mpango.

Mtu ataweza kusema: "Mmetueleza habari za profesa, lakini binti wa Chang'ombe hataki kuwa profesa. Ataka kuigiza katika filamu hizi tunazoziona katika mabanda ya video na katika simu." Neno hilo ni la haki, nasi hatulikwepi.

Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Ilipofika, watu waliokuwa wamezoea michezo ya redio kama Pwagu na Pwaguzi wakaanza kuwaona waigizaji kwa macho. Vikundi kama Kaole vikawa vikitazamwa kila wiki. Kisha, kwa kuwa kamera za video zilikuwa nafuu, vijana wakaanza kutengeneza filamu wenyewe. Filamu Girlfriend ya mwaka 2003 yatajwa na wengi kuwa miongoni mwa zilizofungua mlango. Wanawake walikuwa mstari wa mbele tangu siku hizo, na tumeshuhudia hata mama na binti katika kazi moja, kama Susan Lewis, anayejulikana kwa jina la Natasha, na binti yake Yvonne Cherrie, anayejulikana kwa jina la Monalisa. Yule anayedhani kwamba hakuna mzazi awezaye kumshika mkono binti yake katika kazi hii, na awatazame hao.

Lakini sifa hazijazi chungu. Tukimwangalia mwigizaji kama tunavyomwangalia mfanyakazi wa kiwanda au wa reli, tutaona anaamka alfajiri, anakaa juani akirudia jambo moja mara 10, anakariri maneno usiku, anajigharimia nauli na nguo. Je, ana mkataba wa maandishi? Mara nyingi ana ahadi ya mdomo. Je, analipwa kila filamu inapoonyeshwa? Mara nyingi analipwa mara moja, kisha kazi inauzwa kwa msambazaji na kuzaa fedha miaka mingi bila yeye kuonja. Je, nakala zote ni za halali? Wasomaji wetu wanajua wenyewe namna filamu inavyonakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono, na huenda wengine wanazo nyumbani. Anayeinunua nakala ya wizi anapunja ujira wa mfanyakazi mwenzake, sawa na tajiri anayekata mshahara.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yamlinda mtunzi, na yamtambua pia mwigizaji. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, na hilo ndilo lile jambo ambalo mama wa Chang'ombe analiogopa zaidi, ijapokuwa hakulitamka. Hofu yake ni ya haki. Wako watu wanaomwambia msichana kwamba nafasi katika filamu ina bei isiyolipwa kwa fedha. Lakini tuseme kweli: je, watu hao hawamo maofisini? Hawamo viwandani na mashuleni? Uovu huo haukuzaliwa na kamera. Huzaliwa mahali popote ambapo mmoja ana nafasi ya kutoa na mwingine ana shida ya kupata, na hapana wa kumsikiliza aliyeonewa. Dawa yake si kumfungia binti ndani. Dawa yake ni binti ajue haki zake, awe na mkataba, awe na chama cha kumtetea, awe na mzazi ambaye anaweza kumweleza lililompata bila kuogopa kupigwa.

Basi tulitimize lile tuliloahidi.

Mama yetu, umeuliza kama kuigiza ni kazi. Twakujibu: ni kazi, na ni kazi ngumu. Tena ni kazi yenye faida kwa taifa, maana watu wasiojiona katika hadithi zao wenyewe hujiona katika hadithi za wengine, wakajidharau. Umeuliza kama ni njia ya kupotea. Twakujibu: kila njia ina shimo lake, na anayepotea zaidi ni yule aliyeachwa aende peke yake gizani.

Yafaa basi umwelekeze kama ambavyo ungemwelekeza anayetaka uuguzi. Ajifunze kwanza. Pale Bagamoyo kipo chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho siku hizi kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya sanaa za maonyesho tangu mwaka 1967. Akiwa bado hapo nyumbani, asome tamthilia, ajiunge na kikundi, akasikilize muheme unavyopigwa na wanawake wa rika la bibi yake. Asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Asikubali kuonana na mtu juu ya kazi mahali ambapo asingependa wewe umkute. Na kama ana moyo wa ualimu pia, vyema. Bibi Lihamba amekwisha kuonyesha kwamba jukwaa na ubao vinaweza kukaa katika mkono mmoja.

Kwa wanachama na wafanyakazi wenzetu tunalo neno moja. Mnapodai mikataba na ujira wa haki, msimsahau mwigizaji kwa kuwa mmemzoea akiwachekesha. Mlango wa vyama vya wafanyakazi uliwahi kufunguliwa na mwigizaji. Haitakuwa fadhila kuufungua kwa waigizaji.

Limebaki jambo moja, nalo ni kosa letu sisi. Jioni ile pale Chang'ombe tulizungumza juu ya binti yule kwa muda mrefu. Mama alisema, jirani walisema, nasi tulisema sana. Binti aliendelea kujaza karanga katika vikopo, na katika watu wote tuliokuwapo hapana hata mmoja aliyemgeukia na kumwuliza kwa nini anaitaka kazi hiyo, na ni hadithi gani anayotaka kuicheza. Tulikuwa tukimfanyia yale yale yaliyofanyika Vugiri, yaani kumtazama bila kumsikia, na hatukuligundua jambo hilo mpaka tulipokaa kuandika makala haya.

Kwa hiyo, mama, kabla hujakubali wala kukataa, umwite binti yako akae karibu nawe meza ikiisha kufungwa, umwulize, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Nasi tutakapopita tena Chang'ombe, tutaanza na yeye.